Utafiti unaogharamiwa na Serikali hurudisha fedha yake? Hesabu ya korosho, minazi na karanga

1. Mleta mada

Wanajamvi wenzangu, salaam.

Msimu wa bajeti unapofika, vituo vyetu vya utafiti huulizwa swali ambalo barabara na madaraja hayaulizwi kwa ukali uleule: fedha mliyopewa mwaka jana imezaa nini? Swali lenyewe ni halali, kwa sababu mshahara wa mtafiti unatoka kwenye kodi ya mama lishe na kwenye makato ya mkulima, na mwenye mali ana haki ya kuuliza mali yake iko wapi. Kinachonitatiza ni hayo maneno mawili, "mwaka jana". Naomba niweke mezani mfano ambao nimeufuatilia kwa muda mrefu, wa korosho na kituo cha utafiti cha Naliendele kilichopo nje kidogo ya mji wa Mtwara, kisha tushindane kwa hoja. Mimi ni mtoto wa Kusini na nimesomeshwa kwa korosho, kwa hiyo nakiri mapema kwamba jambo hili linanigusa.

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho na kuhesabiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Ilipofika msimu wa 1986/87, mavuno yalikuwa yameporomoka hadi karibu tani 16,500. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, na sitaki kuzificha kwa kuwa najua zitanirudia. Operesheni ya kuhamia vijijini iliwatenga watu na mikorosho yao, ambayo ilimezwa na pori. Bei aliyolipwa mkulima haikumpa moyo wa kuamka alfajiri. Lakini hata wale waliobaki na mashamba yao, wakapalilia na kusubiri, waliona jambo ambalo wazee wao hawakuwa wamewasimulia: mti unachanua vizuri, halafu mashada ya maua yanafunikwa na unga mweupe, yanageuka rangi ya kahawia na kukauka kabla ya kushika hata korosho moja. Huo ndio ubwiri unga. Ni ugonjwa wa kuvu, uliotambuliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, na unastawi kwa hali ileile tuliyo nayo Kusini wakati wa maua, yaani usiku wa baridi na asubuhi zenye umande.

Dawa haikuwa siri. Wakulima wa zabibu wa Ulaya walikuwa wakitumia salfa dhidi ya kuvu wa ukoo huo tangu karne ya 19, na ndiyo maana wapo wanaosema kwamba hapakuwa na cha kutafiti. Naomba tulitazame jambo hilo kwa makini, maana hapo ndipo penye kiini cha mada yangu. Mzabibu ni mmea wa kimo cha mtu, ilhali mkorosho wa babu yangu ulikuwa mrefu kuliko nyumba. Mkulima wa zabibu ana maji ya kuchanganyia dawa, ilhali vijiji vingi vya uwanda wa Makonde vilikuwa vikihangaika hata na maji ya kunywa. Mtu aliyejua tu kwamba salfa inaua kuvu alikuwa bado hajui apulizie kiasi gani kwa mti mmoja, aanze lini, arudie baada ya siku ngapi, atumie mashine ya aina gani, na kama mavuno yatakayookolewa yatalipa gharama ya salfa, mafuta na kibarua. Hayo yote hayakuwa yameandikwa popote, kwa sababu hakuna nchi iliyokuwa imepatwa na tatizo hilo kwa ukubwa wa namna hiyo kabla yetu.

Majibu yalipatikana kwa miaka ya kupulizia mti mmoja na kuuacha jirani yake, kisha kupima korosho za kila mti. Wataalamu wa Naliendele, wakisaidiwa na wenzao wa Uingereza na baadaye na mradi wa korosho na minazi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, walionyesha kwamba salfa ya unga ikipulizwa kwa mashine alfajiri, majani yakiwa bado na umande na upepo haujaamka, hushika vizuri na kulinda maua. Walionyesha kwamba mkulima hana haja ya kupulizia kwa kufuata kalenda. Akague mashada yanapoanza kutoka na aanze mara ugonjwa unapojitokeza. Waligundua pia jambo lisilohitaji fedha yoyote: ubwiri unga hujificha nje ya msimu kwenye machipukizi mateke yaliyomo ndani ya mti, na ukiyaondoa machipukizi hayo mapema, ugonjwa huchelewa kuanza. Sambamba na hayo walitafuta, katika mashamba ya watu na ya kituo, mikorosho iliyovumilia ugonjwa na kuzaa vizuri, wakaifanya mikorosho mama, wakachukua vikonyo vyake na kuwafundisha wakulima kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo kwenye mti mwingine, hata kwenye mikorosho mikongwe iliyokatwa kisiki ikachipua upya.

Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000. Msimu wa 2024/25 tulivuka tani 500,000.

Nauliza sasa: katika kupanda huko, sehemu ya utafiti ni ipi, na je, ililipa? Karibuni.

2. Mhasibu Mstaafu

Binti yangu, nimesoma andiko lako mara mbili na nakushukuru kwa kuandika kwa utulivu. Hata hivyo nimefanya kazi ya ukaguzi wa hesabu kwa miaka mingi, na namna ulivyopanga takwimu zako inanipa wasiwasi ambao sina budi kuusema.

Umechukua mwaka mbaya kuliko yote ukauweka upande mmoja, kisha ukachukua miaka mizuri ukaiweka upande wa pili. Kati ya miaka hiyo yametokea mambo makubwa. Watu walirudi kwenye mashamba yao ya zamani. Biashara ya korosho ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada. Soko la dunia likapanda kwa sababu India na Vietnam zilijenga viwanda vingi vya kubangua kuliko korosho walizokuwa nazo. Pembejeo zikatolewa kwa ruzuku. Mkulima akipata bei nzuri, atapalilia hata bila kuelekezwa na mtafiti. Utawezaje kumpa Naliendele hati ya kumiliki mavuno yote hayo?

Pili, kuna wale usiowataja. Kwa kila kituo kilichofanikiwa, ni vingapi ambavyo ripoti zake zinaliwa na mchwa makabatini? Mfanyabiashara mwenye maduka kumi akinionyesha vitabu vya duka moja linalopata faida, siwezi kutia sahihi kwamba biashara yake ni nzima.

Tatu, nimekuwa nikisikia kwenye makongamano kwamba kila dola inayowekwa kwenye utafiti hurudi mara mia na zaidi. Kwa uzoefu wangu, mradi unaodai kurudisha mara mia ama umesahau gharama ama umehesabu mapato ya wengine.

3. Mleta mada

Shikamoo mzee wangu Mhasibu. Nilitamani mtu wa taaluma yako ajitokeze, na sitajaribu kukwepa hata hoja moja.

Nianze na ya tatu kwa sababu tunakubaliana. Mwaka 2011 taasisi ya Battelle ya Marekani ilitoa ripoti kwamba dola bilioni 3.8 ambazo serikali ya nchi hiyo ilizitumia katika mradi wa kusoma jenomu ya binadamu, yaani vinasaba vyake vyote, zilizaa shughuli za kiuchumi za dola bilioni 796. Kwa kuwa 3.8 hiyo ni sawa na bilioni 5.6 kwa thamani ya dola ya mwaka 2010, hiyo ni dola 141 kwa kila moja. Rais wa nchi aliitaja katika hotuba zake. Wachumi wengi waliikosoa, na mimi naona walikuwa na haki, kwa sababu ripoti ilihesabu karibu kila kazi iliyohusu jenomu kana kwamba bila mradi ule isingefanyika kamwe, na ilihesabu mzunguko wa fedha badala ya faida iliyobaki. Hesabu ya namna hiyo inamdhuru anayeutetea utafiti, maana siku ikibomolewa anaonekana mwongo hata kwenye yale ya kweli.

Mfano wa zamani zaidi unafundisha vizuri. Mwaka 1958 mwanauchumi Zvi Griliches alichapisha hesabu ya utafiti wa mahindi chotara nchini Marekani, akijumlisha fedha za serikali na za kampuni binafsi tangu mwanzo. Kwa njia moja alipata faida ya asilimia 700 kwa mwaka, na namba hiyo ndiyo iliyosafiri dunia nzima. Kwa njia nyingine, ile ya kutafuta kiwango cha riba ambacho kingelinganisha gharama na mapato kwa miaka yote, takwimu zilezile zilitoa kati ya asilimia 35 na 40. Wewe kama mhasibu utaona mara moja kwamba ya pili ndiyo ya kulinganisha na benki. Na Griliches mwenyewe alionya kwamba alikuwa amechagua utafiti uliokwisha kufaulu, hivyo usichukuliwe kuwa kipimo cha utafiti wote. Nampenda kwa uaminifu huo. Lakini asilimia 35 kwa mwaka bado ni faida ambayo hakuna hati fungani ya serikali inayoikaribia.

Sasa nirudi kwenye korosho. Unasema nisiwape Naliendele mavuno yote, nami siwapi. Tuchukue ongezeko kutoka tani 16,500 hadi 313,000, ambalo ni karibu tani 296,000. Tuseme tisa ya kumi ya ongezeko hilo imeletwa na bei, na amani ya mashamba, na ruzuku, na kila ulichokitaja, na utafiti tuuachie sehemu moja tu ya kumi, yaani tani 29,600. Tuihesabu kwa Sh 1,000 kwa kilo, bei ambayo mkulima yeyote wa sasa ataikataa. Tunapata Sh bilioni 29.6 kwa msimu mmoja. Hata kama kituo kingekuwa kinakula bilioni 5 kila mwaka kwa mishahara, magari na maabara, namba ninayoiweka kwa ajili ya hesabu tu, msimu mmoja wa namna hiyo ungekilipia karibu miaka sita.

Najua utaniambia kwamba kungoja nako kuna gharama, na shilingi ya mwaka 1988 si shilingi ya mwaka 2017. Ni kweli, na hapo ndipo faida inapopungua sana. Kwa sababu hiyo naogopa zaidi utafiti unaoanzishwa na kukatishwa kila baada ya miaka mitatu kuliko utafiti unaofeli, kwa kuwa unabeba gharama yote ya kungoja bila kufika kwenye mavuno.

Kuhusu sehemu ya bei: bei nzuri ingemfanya mkulima apalilie, lakini isingezuia kuvu kukausha maua yake. Mtu aliyepalilia ekari tano katika miaka ile alikuwa na ekari tano safi zisizo na korosho.

4. Mkulima wa Tandahimba

Naomba nishuhudie kwenye hilo la mwisho, kwa kuwa nilikuwa mtoto mkubwa wakati huo.

Baba alikuwa na mikorosho isiyopungua mia mbili. Kulikuwa na msimu tulipata gunia tatu kutoka shamba zima, naye akasema anataka kuikata apande muhogo. Bwana shamba aliyekuja kijijini alikuwa na mashine moja ya kupulizia, akaomba apewe mistari miwili ya miti kwa majaribio. Tulikuwa tukiamshwa saa kumi usiku. Wazee walicheka kuona mtu anapulizia vumbi la njano mtini kabla ya jogoo kuwika. Ilipofika kuokota, mistari ile miwili ilizaa, na si hiyo tu, hata mistari iliyopakana nayo upande wa upepo ilizaa kiasi, kwa sababu vumbi lilikuwa limefika. Jirani yetu ambaye hakutoa shilingi alinufaika na miti yake ya mpakani. Baba hakukata mikorosho, na mingine bado ipo hadi leo.

Dada mleta mada, usisahau kueleza kwamba tatizo letu la sasa liko kwenye kufikishiwa tu. Kuna mwaka salfa ililetwa kijijini kwetu mashada yakiwa yameshageuka kahawia. Mtafiti amesema uanze ugonjwa unapojitokeza, na mletaji anakuletea wiki tano baadaye. Hapo utafiti unaonekana haufai, kumbe uliofeli ni ugavi.

5. Mwanafunzi wa Uchumi

Shukrani kwa uzi huu. Nina swali ambalo tuliwahi kubishania darasani. Ikiwa faida ni kubwa kiasi hicho, kwa nini kampuni zinazouza salfa au zinazonunua korosho hazikufanya utafiti huo kwa fedha zao? Kila ninapoona faida kubwa isiyochukuliwa na mtu, huwa najiuliza kama ipo kweli.

6. Mleta mada

Swali zuri sana, na Mkulima wa Tandahimba amekwisha kukupa nusu ya jibu bila kujua. Vumbi lililovuka mpaka likamnufaisha jirani asiyelipa ni mfano wa elimu yenyewe inavyokwenda. Kampuni ya salfa ingeweza kutafiti namna ya kupulizia, lakini siku ya pili mshindani wake angeuza salfa kwa maelekezo yaleyale. Na lile la kuondoa machipukizi mateke ndilo linaloeleza zaidi: ni ushauri unaopunguza matumizi ya salfa, unatekelezwa kwa panga, na unafaa zaidi kijiji kizima kikiufuata kwa sababu mbegu za kuvu husafiri kwa upepo. Nani angeuuza, na kwa nani? Faida ipo na ni kubwa, lakini imegawanyika kwenye mifuko ya watu laki kadhaa, na hakuna mlango mmoja ambapo kampuni inaweza kusimama ikaikusanya.

Kuna mfano ulio wazi kuliko huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mdudu mdogo mweupe, aliyefunikwa na kitu kama unga wa nta, aliingia katika eneo la Kinshasa na Brazzaville kutoka Amerika ya Kusini na kuanza kufyonza muhogo. Kwa ndugu zetu wa Kongo ilikuwa hasara mara mbili, kwa kuwa wanakula mizizi na majani pia. Sombe yenyewe, mboga ya majani hayo, ilitoweka mezani. Mdudu akasambaa ukanda mzima wa muhogo barani. Watafiti wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki iliyoko Ibadan, chini ya Hans Herren, pamoja na wenzao wa Amerika ya Kusini, walitafuta mahali alikotoka, na mwaka 1981 adui yake wa asili akapatikana Paraguay: nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya mwili wa mdudu huyo. Nyigu walizalishwa, wakachunguzwa wasije wakadhuru kitu kingine, wakaachiliwa nchi baada ya nchi, na walipokwisha kuenea waliendelea kufanya kazi wenyewe bila mkulima kununua chochote. Mwaka 1988 mwanauchumi Richard Norgaard alikadiria, kwa kutumia makisio ya chini, faida ya 149 kwa 1. Mzee Mhasibu ataguna, na ana haki ya kuiangalia namba hiyo kwa jicho kali. Lakini angalia muundo wake: gharama ilikuwa ya miaka michache, na nyigu hatumi ankara. Hakuna kampuni duniani ambayo ingeweza kumtoza mkulima wa Bandundu au wa Kigoma ada ya nyigu anayeruka. Kazi ililipiwa na serikali za nchi mbalimbali, na bila hizo isingelipiwa na mtu.

7. Mkazi wa Bagamoyo

Nimekaa kimya nikisubiri mtu ataje minazi, sioni. Huo mradi wa Benki ya Dunia uliotajwa kwenye andiko la kwanza ulikuwa wa korosho na minazi. Korosho mmeisifu. Njooni huku Pwani muone minazi.

Marehemu babu yangu alipewa miche ya minazi chotara na maelezo kwamba itazaa mapema na kwa wingi. Ilizaa mapema kweli. Kisha ukaja ukame, kisha ukaja ugonjwa wa kunyong'onyea, na miaka michache baadaye palikuwa na nguzo zisizo na makuti. Minazi yetu mirefu ya asili, ile iliyoambiwa ni ya kizamani, ndiyo iliyobaki na wachache. Nani alimlipa babu?

8. Mleta mada

Ndugu yangu wa Bagamoyo, umenipata, na ninakushukuru kwa kunizuia nisifanye kosa lilelile ambalo Mzee Mhasibu alinionya, la kuonyesha duka moja.

Ukweli ni kama ulivyousema. Mpango wa taifa wa kuendeleza minazi ulioanza mwaka 1979 kwa msaada wa Ujerumani, makao yake yakiwa Mikocheni, Dar es Salaam, uliweka matumaini makubwa kwa chotara aliyezaliwa na mnazi mfupi wa Malaysia na mrefu wa Afrika Magharibi, kwa kuwa alikuwa amefanya vizuri Ivory Coast. Hapa kwetu hakustahimili ukame wala ugonjwa wa kunyong'onyea. Ugonjwa huo husababishwa na kimelea kidogo sana kinachokaa kwenye mishipa ya mti, na hadi leo hauna tiba. Fedha nyingi ilitumika na mnazi haukuokoka kama mkorosho ulivyookoka. Yeyote anayejumlisha faida ya utafiti wa mazao ya miti Tanzania lazima aandike hasara hii kwa wino uleule alioandikia korosho, na aandike pia hasara ya babu yako, ambaye alifanyiwa majaribio katika shamba lake mwenyewe bila kuambiwa kwamba ni majaribio. Hilo la mwisho halikuwa la lazima. Chotara wangeweza kukaa kwenye mashamba ya serikali miaka kumi zaidi kabla ya kugawiwa.

Niruhusu lakini nieleze kilichobaki, kwa sababu utafiti uliofeli haupotei wote. Majaribio yaleyale ndiyo yaliyothibitisha kwa vipimo kwamba mnazi mrefu wa Afrika Mashariki unastahili kuchaguliwa na kuendelezwa, jambo ambalo wazee walilijua lakini hakuna ofisi iliyokuwa ikilisikiliza. Kisha kuna majimoto, wale sisimizi wanaojenga viota vya majani mitini. Katika miaka ya 1950 watafiti waliokuwa Zanzibar walibaini kwamba vidaka, yaani nazi changa, vilivyokuwa vikidondoka ovyo viliangushwa na mdudu mfyonzaji, na kwamba minazi yenye viota vya majimoto ilisalimika, maana sisimizi hao humfukuza. Mikocheni waliichukua elimu hiyo miaka thelathini baadaye wakaiendeleza, wakafundisha namna ya kuwaunganishia majimoto njia kutoka mti hadi mti. Baadaye tena ikaonekana kwamba majimoto huilinda mikorosho dhidi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayekausha machipukizi na maua machanga. Ungeuliza mwaka 1960 faida ya utafiti ule wa Zanzibar, jibu lingekuwa dogo. Hakuna mhasibu wa wakati ule ambaye angeweza kuandika kwenye daftari lake korosho za Mkuranga.

9. Mwana Kongwa

Na mimi nichangie upande ambao hamjaugusa, wa gharama ya kutofanya utafiti. Nimezaliwa mahali ambapo jina lake linajulikana Uingereza kwa hasara.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga hapa Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, ukiwa na lengo la kulima ekari zaidi ya milioni tatu ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Wataalamu waliotangulia kuikagua nchi walipewa majuma machache tu, na sehemu kubwa waliitazama kutoka kwenye ndege. Takwimu za mvua zilikuwa haba. Hakuna aliyelima shamba dogo la majaribio kwa misimu mitano akaona udongo wa Kongwa unavyokuwa: mvua ikikatika, mfinyanzi wake unakauka na kuwa mgumu kiasi kwamba karanga haziwezi kung'olewa, na mchanga uliomo unasaga majembe ya trekta. Wagogo walijua kwamba mvua hapa haiaminiki. Mradi ulifutwa Januari 1951 baada ya kuzama takriban pauni milioni 36. Kituo kidogo cha majaribio chenye watu kumi kingegharimu sehemu isiyoonekana ya fedha hiyo, na jibu lingepatikana.

10. Mhasibu Mstaafu

Mwanangu wa Kongwa, hoja yako imenigusa kuliko ile ya mara mia moja na arobaini na tisa, kwa sababu hasara iliyoepukwa naielewa. Nyongeza ndogo: bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea zilizokuwa hazijaota, na leo inasafirisha korosho. Iweke kwenye hesabu mkitaka, ila muiweke mahali pake.

Binti mleta mada, nakubali sasa kwamba mizania ya mwaka mmoja si chombo sahihi cha kupimia kazi hii. Sijakubali kwamba fedha itolewe bila mizania yoyote. Ningependa kila kituo kitoe, kila baada ya miaka kumi, orodha ya majaribio yote kiliyoyaanza, yaliyofaulu na yaliyokufa, na gharama ya kila moja. Orodha hiyo nitaiamini kuliko kipeperushi chochote. Na nina swali la mwisho: nani hasa alipe? Mimi niliyeko Dodoma nisiyelima korosho, au mkulima na mnunuzi wa korosho?

11. Mleta mada

Orodha hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili, mzee wangu, na minazi ya babu wa Bagamoyo iwe ukurasa wa kwanza.

Kuhusu nani alipe, korosho ilikuwa na jibu lake. Kulikuwa na ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje, na kwa mujibu wa sheria asilimia 65 yake ilirudi kwenye tasnia yenyewe, ikagharamia pembejeo, miche na utafiti. Kulikuwa na haki ndani yake: aliyenufaika na ujuzi wa jana ndiye aliyelipia ujuzi wa kesho. Mwaka 2018 Bunge, baada ya mjadala mkali ambao wengi wetu tuliufuatilia kwenye redio, lilipitisha mabadiliko na fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Msimu uliofuata mavuno yalishuka hadi karibu tani 225,000. Sitasema kwamba ushuru peke yake ndio uliosababisha, kwa maana hali ya hewa nayo ilichangia, na ningekuwa narudia kosa ulilonikosoa. Baadaye Serikali ilirudi kwa nguvu kwenye pembejeo za ruzuku na mavuno yakapanda tena, jambo ninalolishukuru kwa dhati. Lakini ruzuku ya salfa ni jambo moja na mshahara wa mtu anayetafuta mbadala wa salfa ni jambo jingine. Salfa inayodondoka chini mwaka hadi mwaka huongeza tindikali kwenye udongo wetu wa kichanga usio na nguvu ya kuihimili. Watafiti wamelionya hilo tangu miaka ya 1990. Anayenunua salfa nyingi zaidi bila kulipia utafiti wa udongo anakula mtaji.

Na kuna ugonjwa mpya. Mwaka 2012, katika wilaya ya Mkuranga, iligundulika mikorosho inayokauka tawi baada ya tawi hadi mti mzima unakufa, ikiwa na majani yake ya njano bado yamening'inia. Ni mnyauko unaosababishwa na kuvu wa fuzariamu anayekaa udongoni, na salfa ya majani haimfikii. Ubwiri unga ulikula maua na kuuacha mti. Huu unaua mti wenyewe. Tangu kuvu wa ubwiri unga atambuliwe hadi nchi ipate njia ya kumdhibiti shambani ilichukua miaka mingi, na mavuno yalikuwa yameshashuka hadi tani 16,500. Wanaoshughulika na huu mpya ni haohao wa Naliendele, ambayo sasa iko chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, na wanaanza na watu waliokwisha kujifunza kwenye ule wa kwanza. Ukikifunga kituo leo kwa kuwa mwaka jana hakikuzaa, mwaka ambao utakihitaji utaanza kwa kutafuta mtu anayejua kusoma hadubini.

12. Mkulima wa Tandahimba

Dada, hayo maelezo ya majani ya njano kuning'inia yamenifanya nitoke kwenda shambani jioni hii. Nina miti miwili upande wa bondeni ambayo tangu mwaka jana inakauka tawi moja moja, nami nilidhani ni uzee. Nimechanja gome la mmoja, na ndani kuna michirizi ya rangi ya kahawia.

Mwenye kujua namna ya kubeba sampuli anisaidie: nichukue mzizi, tawi au udongo, na nifunge kwenye karatasi au kwenye nailoni? Jumatatu nachukua basi la kwanza kwenda Naliendele. Nikijibiwa nitaleta majibu hapahapa.